Mwongozo Kamili wa Kupanga Sikukuu na Matembezi ya Familia kwa Mwaka Mzima Mkoani Tanga

Familia yetu inakaa Ngamiani, mjini Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazohesabiwa kwa nambari, na kwa miaka mingi sikukuu zilitukuta hatujajiandaa. Mwezi ukiandama ndipo tulipoanza kutafuta mchele. Shule zikifungwa ndipo tulipoulizana tuwapeleke watoto wapi. Na Desemba ilipofika, fedha ilikuwa imekwisha kwa mambo ambayo hakuna aliyeweza kuyakumbuka. Mwongozo huu umetokana na daftari tulilolianzisha ili kuondokana na hali hiyo. Unaifaa zaidi familia iliyo kama yetu, yenye Waislamu upande wa baba na Waanglikana wa Kibondei upande wa mama, lakini hata familia ya dini moja inaweza kuchukua humu kile inachokihitaji. Jambo ninalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba mwaka mzima upangwe kwa pamoja, kwa sababu shilingi inayotumika Idd ndiyo ileile itakayokosekana Krismasi, na mtoto aliyeahidiwa bahari mwezi wa Julai, wakati kusi inavuma kwa nguvu, atarudi kuahidiwa tena bila ya kupelekwa.

Hatua ya kwanza: andikeni kalenda ya nyumba

Kazi hii ifanywe wiki ya kwanza ya Januari, usiku mmoja baada ya chakula, watu wote wakiwapo, pamoja na bibi na babu kama mnakaa nao. Chukueni kalenda kubwa ya ukutani na kalamu za rangi tatu, kwa sababu siku za kusherehekea ni za namna tatu na kila namna hupangwa kwa njia yake.

Rangi ya kwanza ni ya siku zisizohama: Mwaka Mpya tarehe 1 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari, siku ya Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, siku ya Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba, Uhuru tarehe 9 Desemba, kisha Krismasi na siku inayoifuata. Hizi ziandikwe mara moja, na mbele ya kila moja muandike inaangukia siku gani ya juma, maana sikukuu ya Ijumaa au ya Jumatatu inafaa kwa safari ya kulala nje, lakini ile ya katikati ya juma inatosha kwa matembezi ya karibu tu.

Rangi ya pili ni ya siku zinazofuata mwezi. Idd el Fitri ni mwezi 1 Mfungo Mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi unaofuata Ramadhani, Idd el Hajj ni mwezi 10 Mfungo Tatu, na Maulidi ni mwezi 12 Mfungo Sita. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku 10 au 11, sikukuu hizi hutangulia kila mwaka na huzunguka misimu yote katika muda wa miaka ipatayo 33, ndiyo maana watu wazima wanakumbuka Idd za jua kali, na wadogo zao wanakumbuka Idd za matope. Pasaka nayo hufuata mwezi kwa namna yake: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo haiwezi kutokea kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili. Kwa Idd, andikeni siku mbili kwa penseli, kwa sababu mwezi unaweza kuandama baada ya siku 29 au 30. Msilipie gari wala nyumba ya kulala kwa siku moja tu kabla ya tangazo la mwandamo.

Rangi ya tatu ni ya siku za nyumba yenyewe: siku za kuzaliwa, kumbukumbu ya ndoa, khitma ya marehemu, kipaimara cha mpwa, harusi ambayo mmekwisha kualikwa. Watu wengi huzisahau hizi wakati wa kupanga, nazo ndizo zinazobomoa mfuko, kwa kuwa harusi moja ya binamu mwezi wa Oktoba inaweza kula fedha yote ya Krismasi.

Hatua ya pili: wekeni fedha kabla ya kuihitaji

Sisi tunatumia kibubu cha mbao kinachofungwa kwa misumari, kisichoweza kufunguliwa bila ya kuvunjwa, na kila usiku kinaingizwa shilingi 2,000. Kwa mwaka mzima hizo ni shilingi 730,000. Tumekubaliana kwamba 250,000 ni za Idd el Fitri, 200,000 ni za Krismasi na Pasaka, 150,000 ni za safari moja ya likizo, na 130,000 zinazobaki hugawanywa katika matembezi madogo na Maulidi. Fedha ya kuchinja Idd el Hajj haimo humo. Hiyo huwekwa kando na wanaume wa familia kwa makubaliano yao. Kwa sababu kibubu kimoja huvunjwa mara moja tu, tunanunua vitatu mwanzoni mwa mwaka na kuviandikia majina kwa makaa. Anayependelea kuweka akiba kwa simu anaweza kufanya hivyo, ila kwa uzoefu wangu fedha iliyo katika simu hutoka kwa urahisi uleule ilioingilia, na watoto hawaioni ikikua. Mtoto wetu wa miaka sita hutikisa kibubu kila asubuhi kusikiliza kama sauti imebadilika, na tangu aanze kufanya hivyo hajaomba tena pipi dukani.

Mchezo wa akina mama nao unasaidia, mradi zamu yako uiombe mapema iangukie mwezi mmoja kabla ya sikukuu kubwa. Zamu ikiangukia wiki ya sikukuu yenyewe utanunua kila kitu kwa bei ya juu, na ikiangukia miezi mitatu kabla itakuwa imekwisha.

Nguo zishonwe mapema. Ramadhani ikifika katikati, fundi cherehani hapokei tena kitambaa, na akipokea atakupa nguo usiku wa kuamkia Idd ikiwa haina vifungo. Pelekeni vitambaa mwezi wa Rajabu au mwanzoni mwa Shaabani, na mwombeni fundi aache upindo wa vidole vinne kwenye nguo za watoto. Kati ya Idd el Fitri na Idd el Hajj ni takriban siku 70, na gauni lililoachiwa upindo linazifaa sikukuu zote mbili na Maulidi juu yake, hata kama mtoto amerefuka.

Hatua ya tatu: zijueni pepo na maji ya bahari

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, hata sisi tuliozaliwa pwani, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu.

Kwanza ni pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na joto huwa kali. Kusi huanza wakati wa masika na huwa na nguvu zaidi Juni hadi Agosti, bahari ikichafuka na maji yakiwa na vumbi la mchanga. Masika yenyewe, kuanzia Machi hadi Mei, hunyesha mvua kubwa inayoharibu barabara za vumbi. Kwa hiyo safari za visiwani zipangwe Septemba hadi Februari, safari za milimani zipangwe Juni na Julai, na Pasaka isherehekewe nyumbani, kwa kuwa karibu kila mwaka huangukia mvua.

Pili ni maji kujaa na kupwa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kila siku maji huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ukishalijua hilo moja, mengine yote unaweza kuyahesabu kwa vidole.

Kutokana na hesabu hiyo, Idd el Fitri, ambayo siku zote ni mwezi mosi, ina bahari ileile kila mwaka, iangukie Januari au Agosti: saa nne hadi saa tano asubuhi maji yako mbali, na kuanzia saa kumi alasiri yamejaa hadi ukingoni. Familia inayotaka kuwaogesha watoto Raskazone siku ya Idd Mosi haina sababu ya kukimbilia huko baada ya swala. Itakuta matope na miamba. Waacheni watoto wazunguke kwa ndugu, mle, mpumzike, kisha mfike ufukweni saa tisa na nusu. Siku ya Idd el Hajj mambo hubadilika, kwa sababu mwezi 10 maji hujaa katikati ya mchana, kati ya saa sita na saa nane. Maulidi, mwezi 12, huchelewa kidogo kuliko hapo. Kwa sikukuu zisizofuata mwezi, kama Mwaka Mpya au Nyerere, hesabuni tangu mwandamo wa mwezi huo, au muwaulize wavuvi wa Deep Sea siku mbili kabla. Hawajawahi kunipa saa isiyo sahihi.

Sisi tulijifunza haya kwa shida. Mwaka mmoja tulikubaliana kwenda kisiwa cha Maziwe, kusini-mashariki mwa mdomo wa mto Pangani, siku ya Idd Pili. Maziwe hapo zamani ilikuwa na mivinje, na kasa walitaga huko kwa wingi, lakini miti ile ilianguka na mchanga ukamomonyoka, hata leo kisiwa kimebaki fungu la mchanga mweupe ambalo wakati wa bamvua hufunikwa kabisa maji yakijaa. Palitakiwa tufike saa nne asubuhi, tukae hadi saa saba, kisha tuondoke. Pilau ilichelewa kuiva, tukaondoka Tanga saa nne, na tulipokanyaga mchanga ilikuwa imepita saa saba. Ndani ya saa moja na nusu nilimwona mama mkubwa akinyanyua mkeka mara tatu, kila mara akiusogeza katikati, na mara ya nne hapakuwa na pa kuusogeza. Watoto walimalizia kula wakiwa wamesimama, sinia ameishika shemeji yangu kichwani. Hakuna aliyedhurika, lakini nahodha hakuwa na jaketi okozi za kutosha, na ile nusu saa ya kuwapandisha watoto wadogo botini huku maji yakiwafika kiunoni nisingependa kuiona tena.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda chombo chochote, fanyeni mambo haya kwa mpangilio. Siku moja kabla, mkaonane na nahodha na mhesabu jaketi okozi kwa mikono yenu, za watoto zikiwa mbali na za wakubwa. Kubalianeni saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na saa ya kurudi ihesabiwe kutokana na maji, wala si kutokana na njaa. Lipeni nusu mkiondoka na nusu mkirudi. Chombo kikiwa kimejaa kabla yenu, ngojeni kingine, hata kama watoto watalia. Kila mtoto asiyejua kuogelea apewe mtu mzima mmoja anayemjua kwa jina, kwa sababu mtoto anayeangaliwa na wote haangaliwi na mtu.

Hatua ya nne: kuelekea Idd el Fitri

Mwishoni mwa Shaabani watu huvunja jungu. Nasi huivunja kwa matembezi ya alasiri Raskazone, vyakula vikiwa vyepesi, kisiwa cha Toten kikionekana mbele yetu ndani ya ghuba. Usiku huohuo hugawanywa kazi za Idd, kwa sababu mtu aliyefunga hafikirii vizuri saa kumi na moja jioni. Wifi huchukua vileja na visheti, ambavyo hukaangwa na kuokwa wiki ya mwisho ya mfungo na kuhifadhiwa katika makopo yenye vifuniko vya kubana. Mjomba huchukua zakatul-fitri: pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, mtoto mchanga akiwamo, sawa na kilo mbili na nusu hivi, nayo iwafikie wanaostahili kabla ya swala ya Idd. Vijana huchukua kupaka chokaa uani na kubadilisha noti kuwa sarafu za shilingi 200 na 500, maana watoto wa mtaa mzima watapita kuomba mkono wa Idd na hakuna atakayekuwa na chenji asubuhi hiyo.

Pilau inastahili maelezo yake. Kwa watu 20 wanaokula sinia, kilo 3 za mchele na kilo 3 za nyama zinatosha, pamoja na kilo moja ya vitunguu maji na viazi kiasi upendacho. Nyama ichemshwe usiku pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, na supu yake isimwagwe. Baada ya swala ya alfajiri, mafuta yapate moto na vitunguu vilivyokatwa vyembamba viingie vyote kwa pamoja. Hapa ndipo pilau inapopatikana au kupotea. Mpishi asiondoke chunguni. Ageuze polepole hadi vitunguu vipate rangi ya gome la mdalasini, kwa sababu vikitolewa vikiwa vya manjano pilau itakuwa nyeupe kama wali, na vikipita hapo itakuwa chungu. Kisha itiwe tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, halafu bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu chache, nyama ikaangwe humo hadi harufu ifike barazani, na viazi vifuate. Supu itiwe kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele, iongezwe kidogo kama mchele ni mkavu wa zamani, na mchele utumbukizwe supu ikichemka. Maji yakikaribia kukauka, chungu kifunikwe, makaa yaliyo chini yapunguzwe, na mengine yapaliwe juu ya kifuniko kwa dakika 20. Gesi ni nzuri kwa haraka, lakini haipalii juu, na tofauti inaonekana katika punje.

Asubuhi ya Idd el Fitri ni sunna kula tende kwa hesabu ya witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, kabla ya kwenda kuswali, na kurudi kwa njia nyingine isiyokuwa ile ya kwendea. Sunna hiyo ya pili sisi tunaitumia kupanga mizunguko: tunakwenda kwa barabara moja na kurudi kwa nyingine yenye wazee wetu, ili ikifika saa tatu tuwe tumekwisha kuwasalimia wote na kuzuru makaburi. Mchana sahani hupelekwa kwa majirani, Wakristo wakiwa wa kwanza kwa sababu wao hawakupika.

Hatua ya tano: Idd el Hajj na Maulidi

Siku ya Idd el Hajj hakuna kula kabla ya swala kwa anayefuata sunna, kwa hiyo chai nzito iwe tayari watu wanaporudi. Kuchinja hufanyika baada ya swala na huruhusiwa hadi mwezi 13. Mbuzi mmoja hutosha nyumba moja, na ng'ombe huweza kuchangiwa na watu saba, jambo linalozifaa familia za mjini zenye kaka na mabinamu wengi. Mnyama anunuliwe wiki mbili kabla, na mahali pa kumfunga pawe pamejulikana. Andaeni mifuko ya nyama siku iliyotangulia na orodha ya watakaopelekewa, mkianza na wajane na wagonjwa. Kwa kuwa siku hiyo bahari hujaa mchana wakati watu wako kwenye nyama, matembezi yaachwe hadi Idd Pili.

Maulidi hayahitaji safari. Yanahitaji mikeka, udi, marashi, halua na kahawa, na mtu wa kuwaalika wasomaji mwezi mmoja kabla, kwa sababu Mfungo Sita wote wana miadi.

Hatua ya sita: likizo ya katikati ya mwaka

Shule zikifungwa Juni, upepo wa baharini ukiwa mkali, sisi huelekea milimani. Mwenye usiku mmoja aende Amani, wilayani Muheza. Mwenye usiku mbili au zaidi aende Lushoto. Huo ni uamuzi wangu baada ya kujaribu yote mawili na watoto wadogo.

Amani ina bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu unaoizunguka ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997. Barabara kutoka Muheza mjini ni ya kupanda, ya vumbi na mawe, kwa hiyo kodini gari lililo juu, na mkubaliane na dereva bei ya kwenda, kulala na kurudi kwa pamoja. Njiani kuna machungwa ya Muheza, ambayo miezi hiyo ndiyo msimu wake. Nunueni mnaporudi, si mnapokwenda. Ndani ya msitu tembeeni na mwongozaji, asubuhi na mapema, na muwaombe watoto wanyamaze kwa dakika kumi tu: ndipo huona vinyonga. Mwombeni pia awaonyeshe lile ua dogo la zambarau linalouzwa katika vyungu duniani kote. Asili yake ni misitu hii ya Usambara, na jina lake la kisayansi la awali, Saintpaulia, limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, aliyelipeleka Ulaya mwaka 1892. Binti yangu alishangaa kwamba kitu alichokiona kwenye dirisha la mwalimu wake kilitoka kwa jirani wa babu yake.

Kwa Lushoto, njia hupanda kutoka Mombo kwa kilomita 33 zenye kona nyingi, ikipita maporomoko ya Soni. Mtoto asinywe maziwa asubuhi hiyo. Mpeni chai ya tangawizi isiyo na maziwa, kipande cha mkate, na ndimu ya kunusa. Sweta ni lazima, na soksi za kulalia. Watu wa pwani huidharau baridi ya Usambara hadi usiku wa kwanza. Jioni moja iachwe kwa ajili ya Irente, ambako ukisimama ukingoni unaliona bonde lote la chini, na watoto washikwe mikono muda wote, kwa sababu ukingo huo ni wa kweli.

Hatua ya saba: sikukuu za taifa ziwe za karibu

Siku moja ya mapumziko katikati ya juma isitumiwe kwa safari ndefu. Mapango ya Amboni yako kilomita zipatazo 8 kutoka mjini, kando ya njia ya kwenda Horohoro. Yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa, na pango moja limetengwa kwa wageni. Kuna sehemu za kuinama na za kutambaa, hivyo mwenye maumivu ya magoti abaki nje kivulini pamoja na chakula. Vaeni viatu vinavyoshika, bebeni tochi hata kama mwongozaji anayo, na waelezeni watoto kabla kwamba kuna popo. Watakuta pia mahali ambapo watu huacha sadaka za matambiko. Hapo pasiguswe wala pasichekwe.

Magofu ya Tongoni, kilomita zipatazo 17 kusini kwenye njia ya Pangani, yanafaa zaidi kwa watoto wakubwa. Kuna magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya Waswahili wa karne nyingi zilizopita, mengine yakiwa na nguzo zilizoanguka, na bado unaona mashimo ya duara yalikopachikwa sahani za kigeni. Ni katika bahari iliyo mbele ya hapo ambapo Vasco da Gama, mwanzoni mwa mwaka 1499 akirudi kutoka India, aliichoma merikebu yake São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Nendeni kwa stara, msipande juu ya makaburi, na msomeeni dua waliolala pale. Kwa siku ya mvua, makumbusho ya Urithi katika boma la zamani la Wajerumani hutosha asubuhi nzima. Kote huko bebeni vitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni.

Chakula cha matembezi kiwe kikavu. Vyakula vya nazi huchacha upesi katika joto letu, kwa hiyo wali wa nazi na maharage ya nazi vibaki nyumbani. Maandazi, sambusa, mayai, viazi vya kuchemsha na matunda havitawatia hofu. Maji yawe lita mbili kwa kila mtu. Pilau ikibebwa, iwe katika hotipoti, iliwe ndani ya saa chache, na kachumbari ikatwe hukohuko.

Hatua ya nane: Krismasi, Muheza

Desemba kila mtu anataka kusafiri, na ingawa Muheza si mbali, nafasi kwenye magari huwa shida kuanzia tarehe 22. Sisi huondoka tarehe 20 na wazee, na wenye kazi hufuata. Upande wa mama ni watu wa Magila, ambako misheni ya Kianglikana ilianza karne ya 19, na ibada ya mkesha ndiyo kiini cha sikukuu yao. Sisi Waislamu tunaobaki nyumbani hulala na watoto wachanga ili mama zao waende kanisani. Mbuzi na kuku huchinjwa na mjomba wangu Mwislamu, ili sinia liwe moja na asiwepo wa kutengewa. Jambo hilo lizungumzwe mapema, kabla ya mnyama kununuliwa, kwa upole na mbele ya mwenye nyumba, kwa sababu likizungumzwa kisu kikiwa kimekwisha kupita, litamkosesha mtu raha yake.

Tarehe 26 ni ya kutembeleana na kugawa zawadi. Nguo za watoto ziwe zimeshonwa kwa kitambaa kimoja kwa wote, wa dada na wa kaka, tukichanga kwa mita. Kwa njia hiyo hakuna mtoto anayetazama cha mwenzake.

Hatua ya mwisho: daftari

Siku tatu baada ya kila sikukuu, kabla ya kusahau, andikeni mchele ulionunuliwa na uliobaki, watu waliokula, bei ya gari, saa ya maji, na kile ambacho watoto wanakitaja bado. Andikeni pia vyombo: sufuria zilizoazimwa na mwenyewe, na sahani za majirani zilizobaki kwenu, ambazo zitarudishwa na chochote ndani, hata kama ni ndizi mbili za kukaanga. Ukurasa wetu wa Idd ya Maziwe una mistari minne tu. Wa tatu, kwa mwandiko wa mama mkubwa, unasema vitunguu vikaangwe usiku.